Gari la stima Kisumu: anza na soketi ya nyumbani

Kila nikiegesha hapa Mamboleo lazima mtu aniulize, "Sasa hiyo unaichajia wapi?" Huwa namjibu: nyumbani, nikiwa nimelala. Mimi ni fundi stima, gari langu ni Nissan Leaf ya yuniti 24 kutoka Japani, na yuniti ya betri ni ile ile unayonunua kwa tokeni. Yangu imechoka kidogo. Kwenye dashibodi vibaa vya afya ya betri vimebaki 9 kati ya 12.

Kabla hujalipia gari, fungua kifuniko cha tundu la chaji ulitazame. Leaf ya Japani huwa na matundu mawili puani. Dogo, lenye pini tano, ni Type 1, la chaji ya polepole. Kubwa ni CHAdeMO, la chaji ya haraka. Gari la soko la Ulaya litakuwa na Type 2, pini saba, na mara nyingi pini mbili nene chini yake. Hiyo ndiyo CCS2. Yaliyotengenezewa soko la China yana tundu linalofanana na Type 2 ukiliona kwa mbali, ila halikubali plagi yake. Piga picha, kisha ulinganishe na chaja unazotarajia kutumia.

Sasa soketi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu niliaibika. Waya wa chaji uliokuja na gari ni wa Japani, volti 200, na huvuta hadi ampea 15. Nilikata plagi yake nikafunga yetu ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Mteja angefanya hivyo ningemgombeza. Saa nane usiku mke wangu akaniamsha: "Baba Akinyi, ni nini kinaungua?" Fyuzi haikuwa imekatika. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na nilipoivuta, pini moja ilibaki ndani ya soketi. Kinyozi hajinyoi.

Siku iliyofuata nilivuta waya wa milimita 4 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye boksi la breka, nikaupa breka yake ya ampea 20 na RCD (kifaa kinachokata stima ikivuja), nikahakikisha waya wa ardhi umefika ardhini kweli (nyumba nyingi ninazoingia umeishia hewani), kisha nikafunga soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Kama huwezi kufanya hivyo leo, nunua chaja ya kubeba inayoweza kushushwa hadi ampea 10. Baada ya nusu saa shika plagi. Vuguvugu si neno. Ikikushinda kushika, zima. Ekstensheni ikikulazimu, ikunjue yote, maana ikizungushwa kwenye gurudumu lake hupika yenyewe. Kile kiboksi cha katikati ya waya wa chaji kitundike msumarini. Mvua ya Kisumu haibishi hodi.

Hesabu ni rahisi. Ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4, yaani yuniti 2.4 kwa saa. Mimi hupata kilomita 6 hivi kwa yuniti moja. Nikitembea kilomita 60, saa nne na kitu zinatosha kurudisha. Angalia tu tokeni: matumizi ya nyumba yakizidi yuniti 100 kwa mwezi unaingia bei ya juu. Katika bei za 2023, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka bei maalum ya magari ya stima, shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Kwa Leaf moja sikujisumbua. Ukiwa umepanga, mwombe mwenye nyumba afunge mita ndogo ya soketi yako, la sivyo mtakosana na majirani kabla mwezi kuisha.

Mteja wangu mmoja wa Kakamega alinunua chaja ya ukutani ya kilowati 7 akashangaa Leaf yake inachukua 3.3 tu. Chaja ya ndani ya gari ndiyo inayoamua. Iulizie kwanza.

Chaja ya haraka huruka hiyo ya ndani na kupeleka stima moja kwa moja kwenye betri. Ni ya safari. Ikipita asilimia 80 hupunguza kasi sana, kwa hiyo ondoka. Leaf kama yangu haina mfumo wa kupoza betri. Ukifululiza chaji za haraka siku moja, utaona kipimo cha joto kinapanda. Kwenda Nakuru, zaidi ya kilomita 180 na mlima wa Mau katikati, gari kama langu halifiki bila kusimama, kwa hiyo pigia simu kituo cha chaji cha njiani kabla, uulize kama mashine inafanya kazi na plagi ni ipi.

Kurudi kutoka Kakamega sina wasiwasi. Kiboswa hadi Mamboleo ni mteremko, gari linajichaji likishuka, na kuna siku hufika getini na asilimia moja zaidi ya niliyokuwa nayo kule juu.