Gari linachemsha: tafuta chanzo kabla hujanunua spea

Mteja akinipigia kwamba gari lake linachemsha, namuuliza kwanza linachemsha likiwa wapi. Kwenye foleni? Kwenye mlima? Au dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi? Jibu lake linaniondolea nusu ya kazi, kwa sababu kila hali ina wahusika wake. Bahati mbaya watu wengi hawaulizwi swali hili. Wanabadilishiwa rejeta inayopoza maji ya injini, halafu pampu ya kuyazungusha, halafu themostati (valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) inatupwa, na gari linaendelea kuchemsha mpaka siku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku iliyo chini yake, inapoachia. Hapo hela iliyokwisha kutumika ingetosha kutatua tatizo mara kadhaa.

Mwongozo huu ni wa gari dogo la petroli lenye feni ya umeme, kama Vitz, IST, Passo, Spacio au Premio. Vipimo vingi unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani. Andaa tochi, kitambaa kizito, glavu na sufuria ya zamani usiyoipikia tena.

Hatua ya 1: Limechemsha barabarani, simama

Gari nyingi ndogo, Vitz na Passo zikiwemo, hazina mshale wa joto. Zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa bado baridi, na nyekundu joto likishapita kiasi. Hakuna onyo katikati. Kwa hiyo nyekundu ikiwaka ujue umeshachelewa, usianze kupiga hesabu za kilomita zilizobaki kufika nyumbani. Hedi ya injini hizi ni ya aluminiamu, na kwenye nyingi hata bloku ni aluminiamu. Ikizidiwa na joto inapinda, na hedi iliyopinda haishiki gasketi.

Kama huwezi kusimama papo hapo, zima AC, fungua vioo, kisha weka hita kwenye joto la mwisho na upepo wa mwisho. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, inasaidia kupunguza joto la injini mpaka upate pa kuegesha. Ukishaegesha, zima injini.

Angalia pia taa ya betri. Ikiwaka pamoja na taa ya joto, kuna uwezekano mkubwa mkanda umekatika, kwa sababu kwenye injini nyingi za aina hii mkanda uleule unazungusha alternata inayochaji betri na pampu ya maji. Hapo usisogee hata hatua moja, vuta gari.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Juu yake utaona namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hicho ni kipimo cha presha unayoizuia. Kwa presha hiyo maji yanaweza kukaribia nyuzi joto 120 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka mara moja na maji yote yanachemka kwa pamoja na kuruka usoni. Nimeona watu walioungua kifua na shingo kwa kosa hili, na hakuna safari yenye haraka ya kiasi hicho. Subiri angalau nusu saa. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa mgumu, presha bado ipo. Na usimwagie injini ya moto maji baridi, wala usiyaingize ndani, unaweza kupasua hedi.

Hatua ya 2: Asubuhi, gari likiwa baridi, angalia maji

Fungua mfuniko. Maji yanatakiwa yafike shingoni kabisa. Kisha angalia tangi la akiba, lile la plastiki lenye alama za LOW na FULL.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi: tangi la akiba limejaa, rejeta imepungua. Injini ikipata moto maji yanatanuka na ziada inaenda kwenye tangi. Ikipoa, mfuniko unapaswa kuyavuta yarudi. Yasiporudi, chunguza mpira wa mfuniko kama umekauka au kupasuka, na kile kibomba chembamba kinachokwenda kwenye tangi kama kina ufa. Mfuniko ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote kwenye mfumo huu, na ndio unaosahaulika zaidi. Ukichoka, presha haijengeki na maji yanachemka mapema. Mbeya, ambako ni mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu. Ndiyo maana gari linaweza kuvumilia Dar es Salaam na mfuniko mbovu, likafika nyanda za juu likaanza kumwaga.

Kama maji yamepungua kote, yametoka mahali. Tafuta alama ya rangi au weupe uliokauka: pale plastiki ya rejeta inapoungana na aluminiamu, kwenye miisho ya mipira, na chini ya pampu ya maji ambako kuna tundu dogo linalovujisha pampu ikianza kufa. Gusa pia zulia la miguuni kwa abiria wa mbele. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu, na kioo cha mbele kinaingia ukungu, hita ndiyo inayovuja.

Hatua ya 3: Linachemsha kwenye foleni, ukitembea linapoa

Hapa mshukiwa ni feni. Gari likiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, likisimama upepo unakwisha.

Washa injini, washa AC, nenda mbele usikilize. Kwenye gari nyingi feni inatakiwa kuzunguka AC ikiwa inafanya kazi. Isipozunguka, anza na fyuzi. Kisha chomoa rilei ya feni, yaani swichi yake ya umeme, na uibadilishane na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi hilo hilo. Bado? Chomoa soketi ya feni na uipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili, vidole vikiwa mbali na panga. Ikigoma, mota imekufa. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima na tatizo liko kwenye nyaya au sensa ya joto.

Na hapa ndipo utaambiwa, "Tupige dairekti, yaishe," yaani feni iungwe umeme moja kwa moja bila kupitia rilei na sensa. Kataa. Feni ikiungwa dairekti inazunguka muda wote hata injini ikiwa baridi, mota inachakaa haraka, na mara nyingi waya unaotumika hauna fyuzi ya maana, kwa hiyo ukipata shoti unaweza kuunguza gari. Zaidi ya hayo, sensa mbovu imebaki palepale. Kwenye gari nyingi sensa hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari injini ina joto kiasi gani, na kompyuta inapima petroli kwa kuifuata. Utaokoa bei ya sensa, uilipe sheli kila wiki.

Kama feni inazunguka na bado linachemsha, tazama kava la plastiki linaloizunguka feni lipo? Mafundi wengi hulitoa wakaliacha gereji. Bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya hewa inayopita kwenye rejeta.

Hatua ya 4: Linachemsha mlimani au kwenye mwendo mrefu

Mjini halina shida, lakini ukipanda Kitonga au Sekenke taa inawaka. Hapo mara nyingi feni si tatizo. Ama maji hayatembei vya kutosha, ama rejeta haiwezi kuachia joto.

Anza na nje. Kati ya rejeta na ile ya AC iliyo mbele yake hujaa vumbi, wadudu na nyasi. Osha kwa maji ya bomba la kawaida ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha ikisogezwa karibu inalaza mapezi ya rejeta na kuziba njia ya hewa.

Kisha ndani. Tembeza gari lipate moto, zima kabisa, toa ufunguo, halafu pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta taratibu. Joto linatakiwa libadilike polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukikuta eneo la baridi katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta iliyoziba sana kwa chumvi ni bora kuibadilisha. Hizi za plastiki na aluminiamu hazifunguliwi na kuzibuliwa kama zile za shaba za zamani.

Mwambie mtu akanyage mafuta kiasi huku ukitazama mpira wa chini. Ukijikunja na kubana, umelainika na unafyonzwa na pampu. Ni kosa dogo linalowasumbua watu kwa miezi.

Hatua ya 5: Linapanda joto muda mfupi baada ya kuwasha

Kwanza hakikisha maji yapo na hayana hewa ndani. Kisha pima themostati. Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi kabisa, huenda imegoma kufunguka. Itoe, itie kwenye sufuria ya maji, uiinue kwa uzi isiguse chini, pasha moto. Imeandikwa nyuzi zake, mara nyingi 82 au 88. Maji yakikaribia kiwango hicho inatakiwa ianze kufunguka yenyewe, na ikipoa ijifunge. Ikibaki imefunga maji yakiwa yanatokota, tupa, nunua nyingine ya namba ileile.

Nasisitiza nunua nyingine, maana desturi yetu ni kuitoa na kufunga bila kitu, eti nchi yetu ina joto haihitajiki. Gari la namna hiyo nimelikagua likitokea Iringa: themostati hakuna, feni dairekti, mjini lilikuwa linatulia kabisa, mlimani likachemsha. Kwenye injini nyingi za Kijapani themostati ina sahani mbili. Sahani moja inafungulia maji ya rejeta, na ya pili wakati huohuo inafunga njia ya mkato ambayo maji ya moto hurudi nayo kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye rejeta kabisa. Kwenye safari nyepesi injini inakuwa baridi mno na inakula petroli, kwenye mzigo mzito inazidiwa. Themostati mpya na mfuniko mpya ndivyo vilivyomaliza kazi ile, pamoja na feni kurudishiwa rilei yake.

Hatua ya 6: Pima gasketi ya hedi kabla ya kukubali kufungua injini

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama shingoni. Vipovu vichache mwanzoni ni hewa tu. Vikiendelea bila kukoma, na vikizidi ukikanyaga mafuta, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine ni mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi, mfuniko ukiwa umefungwa. Au moshi mweupe wa eksozi wenye harufu tamu usiokoma hata injini ikipata moto. Chomoa kijiti cha oili pia: oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, usiwashe tena. Utando mwembamba chini ya kifuniko cha oili peke yake hautoshi kuhukumu, gari la safari fupi fupi hupata huo kwa unyevu.

Kama gasketi imekwenda kweli, usikubali ibadilishwe bila hedi kupelekwa kupimwa kwa rula nyoofu na geji. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota kupinda kunakovumiliwa ni milimita 0.05 tu, jicho halioni hicho. Iliyopinda isawazishwe kwenye mashine. Boliti zikazwe kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje. Fundi anayekaza kwa kukisia, mshukuru, tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Jaza upya na utoe hewa

Maji ya kisima usiweke. Mengi ya Dar es Salaam na pwani yana chumvi, ya Dodoma ni magumu, na yote huacha ukoko ndani ya mirija. Tumia kulanti, maji maalumu ya rejeta yanayouzwa kwenye kopo. Soma kopo uone kama iko tayari au inachanganywa. Ya kuchanganywa, nusu kwa nusu inatosha, kwa maji ya kuongezea betri yasiyo na asidi. Rangi isikudanganye, kila kiwanda kina rangi zake, kwa hiyo fuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari na usichanganye mbili.

Egesha pua ikiwa juu kidogo. Weka hita kwenye moto. Jaza polepole mpaka shingoni, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minya mpira wa juu mara kwa mara huku ukiongeza kila maji yanaposhuka. Endelea mpaka hita itoe hewa ya moto na mpira wa chini uanze kupata joto, maana yake themostati imefunguka. Funga mfuniko, jaza tangi la akiba mpaka FULL.

Kesho yake asubuhi fungua tena uangalie. Kupungua kidogo ni hewa iliyobaki, ongeza. Rudia kila asubuhi kwa wiki moja, gari likiwa baridi. Likiendelea kupungua na chini hakuna tone, rudi hatua ya 6.