Wiki tatu kabla ya Fizikia: uzi na chubwi

Mdogo wangu wa kidato cha nne unayeona muda umekubana, usianze daftari ukurasa wa kwanza. Chukua mtihani mmoja wa NECTA wa miaka ya nyuma, ufanye kwa saa tatu kamili. Ulipokwama ndipo pa kusoma.

Kisha praktiko, maana wengi wanaidharau na inaniuma sana. Maabara imefungwa? Pita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, omba wavuvi chubwi moja (kile kizito cha kuzamisha nyavu), lifunge kwenye uzi wa mita 1, lining'inize dirishani. Urefu upimwe hadi katikati ya chubwi, si kwenye fundo. Livute kidogo tu, hesabu mizunguko 20 (kwenda na kurudi ni mmoja): saa ya simu itasoma karibu sekunde 40. Fupisha uzi uwe sentimita 50, utapata kama 28. Pima urefu tano tofauti, chora grafu ya T² dhidi ya urefu kwa mita; T ni sekunde za mzunguko mmoja, yaani muda uliopata gawanya kwa 20. Mteremko wake ni 4π²/g, kwa hiyo g (mchapuko wa mvutano wa dunia) itoke karibu 9.8. Ikitoka 39, umehesabu kwenda mzunguko mmoja na kurudi mwingine.