Jinsi ya kuchagua kava za ndani za santuri bila kuziua santuri zenyewe

Juzi nilikuwa namsaidia mzee mmoja hapa Tanga kupanga santuri zake. Kijana wake alishamnunulia plastiki laini za kung'aa akazivisha zote, nia njema kabisa, ila nyingi zimeshashika utando mweupeweupe. Ukiiinamisha santuri kwenye mwanga unaona utando umefuata plastiki ilivyokaa, pale ilipogusa pana ukungu, pale ilipojikunja ikaachia pako safi, pameng'aa. Mzee ananiambia "mwanangu hii nimeiosha na sabuni haitoki." Na haitoki kweli maana siyo uchafu, ni uso wa santuri wenyewe umeshaliwa, ukiipiga unasikia shhhh nyuma ya muziki mpaka mwisho. Kwa hiyo kama una santuri za kurithi au ndo unaanza kukusanya, soma hii kabla hujanunua kava za ndani, yaani zile zinazogusa santuri yenyewe ndani ya jalada.

Hatua ya 1: Osha, kausha

Usiweke santuri chafu kwenye kava mpya. Namna ya kuosha mnaijua. Mimi nasisitiza kukausha tu, hasa kwa sisi wa pwani, ikiingia na unyevu kwenye plastiki ukungu unaota humohumo kwenye mistari.

Hatua ya 2: Jua kava yako ni ya plastiki gani

Hapa ndo penye kazi yote.

Adui ni PVC laini. Utauliza, mbona santuri yenyewe ni PVC? Ni kweli, lakini ile ya santuri ni ngumu, ya kava imetiwa vilainishi ili ikunjike, na vile vilainishi havitulii, vinatoka polepole na joto linavichochea, vikitoka vinahamia kwenye kilichogusana navyo ambacho ni santuri yako. Salama ni poliethilini (HDPE kwenye pakiti, au namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale) na polipropilini (PP, namba 5). Ukiona namba 3 rudisha dukani.

Shida ni kwamba kava nyingi hazina namba wala maandishi, na muuzaji ukimuuliza anakujibu "ni nailoni bosi." Sasa tumia mikono na pua. HDPE ina rangi ya maziwa kidogo, nyepesi, ukiifinya inalia kachakacha, wanaokumbuka ile mifuko myepesi ya sokoni kabla haijapigwa marufuku Juni 2019 ni mlio uleule. PVC laini ni angavu kama kioo, nzito, inanatanata, haipigi kelele, na ina ile harufu ya nailoni mpya ya kutandika mezani. PP nayo ni angavu ila kavu, hainati, hapo ndo watu wanapochanganya, kwa hiyo usiamue kwa macho peke yake.

Ukibaki na wasiwasi fanya jaribio la maji. Kata kipande kidogo kama ukucha, weka maji kwenye glasi na tone la sabuni ya vyombo, kizamishe kipande kwa kijiti mpaka chini halafu kiachie. Kikipanda juu ni poliethilini au polipropilini, uko salama. Kikibaki chini inaweza kuwa PVC, inaweza kuwa plastiki nyingine nzito, mimi sihangaiki kujua ni ipi, siitumii. Ila angalia haya:

- Hiyo sabuni usiiruke, bila sabuni viputo vya hewa vinashika kipande na PVC inaelea vizuri tu, unajidanganya.
- Kizamishe kabisa, ukikiangusha tu juu ya maji hata cha PVC kinaweza kukaa juu.
- Kava ya karatasi yenye plastiki ndani, chuna ile plastiki uipime peke yake.
- Pima kila pakiti, maana duka lilelile mzigo ukibadilika na plastiki inaweza kubadilika.
- Pima na kava za nje pia, PVC ya nje nayo siiamini, muda ukienda inapenya.

Kuna jaribio la waya wa shaba: unauchoma kwenye moto wa gesi, unagusisha plastiki ukiwa wa moto, unaurudisha motoni, moto ukigeuka kijani kuna klorini, yaani PVC. Linafanya kazi lakini ule moshi ni sumu, fanyia nje. Halafu ukitumia waya wa umeme uliochunwa, ganda lake lenyewe ni PVC, mabaki kidogo tu yanakupa kijani cha uongo, uchome kwanza mpaka kijani kiishe ndo uanze.

Hatua ya 3: Chagua

Mimi ni mtu wa HDPE, sina mjadala. Kama hela ipo agiza kava za kampuni ya Nagaoka ya Japani au zile za kampuni ya Mobile Fidelity zenye tabaka la karatasi katikati. Kama haipo, karatasi yenye HDPE ndani inatosha kabisa. Karatasi tupu siipendi, inakwaruza, inaacha vumbi lake, na masika inanyonya unyevu.

Isipokuwa zile santuri nzito za zamani za kasi ya 78 (mizunguko kwa dakika), zinazovunjika kama sahani, za enzi ambazo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Hizo ni za sheleki, siyo PVC, ziweke kwenye karatasi isiyo na asidi, zinahitaji kupumua. Na usizisafishe kwa spiriti, inaziyeyusha.

Hatua ya 4: Vipimo na kuvisha

LP (ile kubwa ya nyimbo nyingi) inchi 12, single (ndogo) inchi 7. Mdomo wa kava ya ndani uangalie juu, siyo upande mmoja na mdomo wa jalada, la sivyo santuri inachomoka ikidondoka.

Zile kava za karatasi zenye tundu katikati na nembo ya kampuni msizitupe jamani, wanunuzi wanaziulizia. Hiyo ya karatasi iache tupu, iweke nyuma ya santuri iliyo kwenye kava yake mpya, halafu vyote viwili vitie ndani ya kava moja ya nje ya PP.