Kalamu ya Inkscape ngoja kwanza, anza na duara

Kila ninayemfundisha Inkscape, programu ya kuchora vekta (michoro ya mistari na mipindo), hukimbilia zana ya kalamu siku ya kwanza, nami humrudisha kwenye duara. Bonyeza E, zana ya duara, shikilia Ctrl, buruta kimshazari. Chora duara la pili lililalie la kwanza nusu. Bonyeza S, zana ya kuchagua, yachague yote mawili, kisha Ctrl na kinyota: hubaki ile sehemu yalipoingiliana tu, nayo ni jani. Tengua kwa Ctrl+Z, ujaribu Ctrl na alama ya kutoa. Duara la juu litalimega la chini, upate mwezi mwandamo. Nembo nyingi unazozihusudu zinaweza kutoka hapo hapo, bila kugusa kalamu.

Sasa tone la maji. Chora duara jipya, bonyeza Shift+Ctrl+C ligeuke njia, yaani mstari unaoweza kuuhariri, halafu N, zana ya nodi. Utaona nodi 4, vile vidoti vinavyoshikilia mstari. Ivute ya juu kabisa ipande, kisha Ctrl-bofya vishikio vyake viwili, vile vijiti vinavyotoka kwenye nodi, kimoja kimoja, virudi ndani. Ncha imechongoka. Chezea vishikio vya nodi za pembeni mpaka tumbo la tone likae vizuri; ukielewa kishikio kinavyouvuta mstari, umeshamaliza kazi kubwa.

Hapo ndipo ninaporuhusu B, yaani kalamu. Kubofya tu hutoa mstari ulionyooka. Kubofya na kuburuta hutoa mpindo. Enter humaliza, Backspace hufuta nodi ya mwisho, na Ctrl huulazimisha mstari ufuate pembe za nyuzi 15 15. Hayo ni ya vidole, yatazoeleka. La akili ni wapi pa kuweka nodi. Anayeanza huzimwaga kila mahali akidhani zikiwa nyingi ndiyo usahihi, na mstari wake unatoka na mabonde. Weka nodi pale umbo linapofika mwisho wa kupanda, kushuka, kwenda kushoto au kulia, na kwenye kona. Kwingine kote viachie vishikio kazi. Kila kishikio kikifika kama theluthi ya umbali hadi nodi inayofuata, mpindo kwa kawaida hutulia. Pierre Bézier, ambaye mipindo hii ina jina lake, alikuwa mhandisi wa Renault na aliitumia kubuni bodi za magari. Iliumbwa kwa mistari mirefu inayoteleza, usiikatekate.

Penseli, P, ni nzuri kwa michoro ya haraka. Pandisha kiwango cha kulainisha kwenye upau wa juu, la sivyo itanakili kila mtetemeko wa mkono. Ile amri ya kugeuza picha kuwa vekta yenyewe siifundishi kwa mwanafunzi mgeni. Inatema nodi kwa mamia, na kuzisafisha ni kazi kuliko kuchora upya.

Mazoezi? Ingiza picha ya kitu chenye umbo la wazi, kikombe au kiatu, ifunge kwenye tabaka lake, uchore juu yake. Mara kwa mara bonyeza Ctrl+5 (5 ya pedi ya namba) mpaka uone mifupa mitupu ya mchoro. Rangi huficha uchafu mwingi. Halafu andika herufi S kubwa kwa zana ya maandishi, igeuze njia, uibofye ukiwa na N. Hesabu nodi alizotumia mbunifu wa fonti hiyo, kisha uchore S yako pembeni bila kuzidisha hesabu yake.