Jinsi ya Kuiandaa Konseto ya Viola ya Telemann

Mpiga viola, ala ya nyuzi inayofanana na fidla ila kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi, huzoea kukaa katikati ya okestra, akijaza sauti ambazo msikilizaji haondoki akiziimba. Mtunzi Mjerumani Georg Philipp Telemann alimtoa mbele. Konseto yake (utungo wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) ya G meja, iliyotungwa kati ya 1716 na 1721 hivi, ndiyo ya kwanza inayojulikana kuandikwa kwa ajili ya viola. Vidole havitakusumbua sana humo. Kazi kubwa ni ya mkono wenye upinde.

Hatua ya 1: Nakala
Tafuta toleo lenye alama chache. Telemann aliacha mistari michache ya kuunganisha noti, na mingi unayoiona kwenye vitabu vya wanafunzi ni ya wahariri wa baadaye. Shika penseli, uamue mwenyewe.

Hatua ya 2: Largo
Hii ni sehemu ya kwanza, ya polepole; usiharakishe hapa. Kipimo ni 3/2, yaani mapigo matatu marefu, na noti ni ndefu. Anza na uzi mtupu wa D, usiobonyezwa na kidole: vuta upinde mzima kwa mapigo sita ya polepole. Ukifika ncha kabla ya pigo la sita, ujue umeutumia kwa pupa mwanzoni. Rudia, safari hii pigo la kwanza lipewe kipande kidogo tu karibu na kitako cha upinde.

Kisha hamia uzi wa C. Uzi huu mnene huchelewa kuitika, kwa hiyo uwekee uzito wa mkono kwanza, ndipo uvute. Ukikwaruza, punguza uzito kidogo au ongeza kasi.

Sasa piga wimbo wenyewe bila pambo lolote. Kila noti ndefu ivimbe kidogo katikati, halafu ififie. Vibrato, yaani kuitikisa noti kwa kidole, isitapakae kila mahali kama chumvi mkononi mwa mtoto. Ukishaushika wimbo mtupu, ongeza mapambo yako. Trili, yaani kupokezana haraka noti mbili jirani, ianzie noti ya juu.

Hatua ya 3: Allegro
Sehemu hii ya pili ni ya haraka, na wimbo wake umejaa noti zinazoanza pembeni mwa pigo. Weka viola chini, tembea chumbani kwa mapigo manne na uuimbe. Miguu ikiyumba, bado. Ukirudi kwenye viola, usiigandamize noti iliyochelewa. Iachie hewa kidogo kabla yake, itasikika yenyewe. Noti za haraka zipige katikati ya upinde, fupifupi.

Hatua ya 4: Andante na Presto
Andante, sehemu ya tatu yenye mwendo wa utulivu, iko E maina na hukaa zaidi kwenye noti za juu, kwa hiyo pima kila noti kwa nyuzi tupu. Kasi ya Presto, sehemu ya mwisho iliyo ya haraka sana, iamuliwe na kifungu kinachokushinda zaidi, si mistari ya mwanzo.

Ukipata mwenzako wa viola, jaribuni pia konseto ya sita ya Brandenburg ya mtunzi Bach. Haina fidla hata moja, na viola mbili hufukuzana tangu mwanzo, ya pili ikiwa nyuma kwa nusu pigo tu. Anayeongoza asikimbie.