Washington, D.C.: anza na Lincoln alfajiri

Ukitembelea Washington, D.C., fika kwenye Kumbukumbu ya Lincoln, jengo la kumuenzi Rais Abraham Lincoln, jua linapochomoza, na makumbusho uyaache hadi baadaye. Mimi nilichelewa kulijua hili hadi safari yangu ya juzi. Jengo hilo, lililozinduliwa mwaka 1922, huwa wazi saa 24 na limeelekea mashariki, kwa hiyo miale ya kwanza hupenya katikati ya nguzo zake, na kwa kuwa makumbusho mengi ya taasisi ya Smithsonian jijini humo hufunguliwa saa 4 asubuhi, hupotezi chochote. Ngazi zikiwa bado tupu, shuka vidato 18 kutoka ukumbi wa sanamu, kisha uiname: pale aliposimama mpigania haki za Weusi, Martin Luther King Jr., kuhutubia pamechongwa jina lake na tarehe, 28 Agosti 1963, na mwanga wa jua lililo chini bado huijaza kivuli kila herufi. Mchana, wageni wengi huyakanyaga maandishi hayo bila kuyaona, jambo ambalo hunisikitisha. Mbinu hii haifai siku ya mawingu mazito, wala kwa anayetaka maelezo ya askari wa hifadhi wanaohudumia wageni hapo, ambao saa hiyo huwa hawajaanza zamu.