Somo: Kumlisha ng'ombe wa maziwa kiangazi cha Kusini

Maziwa yakipungua Agosti, tunalaumu mbegu ya ng'ombe. Mimi naanza na ndoo ya maji.

Hatua ya 1: Maji. Karibu asilimia 87 ya maziwa ni maji. Anayekamuliwa anataka lita 60 hadi 80 kwa siku, na joto likizidi anataka zaidi. Huku kwetu Newala, ambako wengine tunanunua maji kwa ndoo, piga hesabu hiyo kabla ya kununua ng'ombe wa pili. Maji yakae mbele yake mchana na usiku. Kumpeleka kisimani mara moja kwa siku ni kumkata maziwa mwenyewe.

Hatua ya 2: Majani. Kata nyasi Aprili, mvua zikielekea kuisha, nyasi zikianza kutoa maua. Ukingoja Julai unavuna fito. Anika siku mbili tatu ukigeuza, kisha weka chini ya paa. Majani ya karanga baada ya mavuno usiyachome, yana nguvu kuliko nyasi kavu. Mwenye matete ayakate yakifika kama mita 1. Ng'ombe wa kilo 400 hula kilo 40 hivi za mabichi kwa siku.

Hatua ya 3: Pumba. Kwa kilo 100: pumba za mahindi 70, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) ya alizeti au ufuta 27, madini 2, chumvi 1. Mpe kilo 1 kwa kila lita 2 za maziwa, nusu asubuhi, nusu jioni. Ukiongeza, ongeza kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Osha kiwele, kikaushe, kamua michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, kiwele kinaumwa. Miezi 2 kabla ya kuzaa, acha kumkamua.

MASWALI

Mwanachama, Tandahimba: Shikamoo mwalimu. Majani ya muhogo ninayo tele, ila naogopa sumu.
Jibu: Marahaba. Una haki ya kuogopa, hasa muhogo mchungu. Yakatekate, yaanike mpaka yakauke kabisa, ndipo uchanganye kidogo na nyasi.

Mwanachama, Masasi: Nyasi za chini ya mikorosho je?
Jibu: Kabla ya kupuliza, sawa. Zikishapata salfa au dawa nyingine, ziache. Mwaka mmoja nilikata za jirani bila kumuuliza kapuliza lini. Nikamwaga toroli zima, mgongo unauma bure.

Mwanachama, Lindi: Na mabibo, kaka?
Jibu: Machache, mabichi, korosho zikiwa zimeng'olewa, mafuta ya ganda lake yanababua. Yaliyochacha usimpe.

Mwanachama, Kilwa: Wangu kazaa jana, leo kalala, masikio ya baridi, hainuki. Nimwongeze pumba?
Jibu: Hapana ndugu yangu! Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi. Inafanana na homa ya maziwa, kalisi, yale madini ya mifupa, imemwishia mwilini, na inaua upesi. Mwegemeze akae kifudifudi, asilale ubavu, na usimnyweshe chochote kwa chupa.

Mwanachama, Kilwa: Daktari yuko njiani. Nimemwegemeza kwa magunia.